Njegere za Nipomo, Matuta ya Mlalo

Mliopo jikoni, mliopo shambani na redio mmeitundika kwenye tawi la mparachichi, na ninyi mlio garini mnateremka zile kona za kwenda Mombo, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Juzi asubuhi nilikuwa Soni nikisubiri gari la kupandia Lushoto. Ukungu ulikuwa haujaliachia bonde. Kijana mmoja wa bodaboda akaniamkia, "Shikamoo mama," nikamwitikia, naye akaitambua sauti, akasema, "Si wewe unayeongea redioni?" Basi tukaanza maongezi. Tukaongea mvua, tukaongea karoti zilivyoshuka bei, na katikati ya maongezi hayo akapita mama mmoja mbele yetu, tenga la nyanya kichwani, mtoto mgongoni, miguu imelowa umande na udongo mwekundu mpaka magotini. Alikuwa ametoka mbali, maana jasho lilimtoka na baridi yote ile. Kijana akamsindikiza kwa macho mpaka alipomezwa na ukungu, kisha akasema: "Mama, sisi watu wa mlimani tumeumbwa kuvumilia. Kule Marekani hakuna mtu anayeishi hivi."

Gari likafika, nikapanda, sikumjibu. Lakini maneno yake nilipanda nayo, na usiku yakakaa nami kitandani. Amesema mawili kwa mkupuo mmoja. Kwamba Marekani hakuna mwenye dhiki, na kwamba sisi dhiki tumezaliwa nayo kama tulivyozaliwa na vidole. Mwanangu wa bodaboda, kama unanisikiliza hapo kijiweni, leo nakujibu.

Nianze na Marekani.

Katikati ya nchi ile kuna nyanda kubwa zinazogusa Kansas, Oklahoma, Texas, Colorado na New Mexico. Ni tambarare kweli kweli, mtu aliyezoea kuegemea milima kama sisi angejiona amesimama uchi. Tangu zama na zama nyanda hizo zilifunikwa na majani ambayo mizizi yake ilizama chini sana, na mizizi ile ndiyo iliyoushika udongo pale upepo ulipovuma. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza bei ya ngano ikapanda. Wakulima wakaambiwa walime, ngano inatakiwa. Wakalima. Vita ikaisha, wakalima zaidi, matrekta yakaingia, majani yakapinduliwa ekari kwa mamilioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bei ya ngano ikaporomoka, na mvua nayo ikakata. Ardhi ikabaki wazi, kavu, haina jani wala mzizi.

Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935 kulikuwa na anga safi asubuhi, watu wakafungua madirisha wakafua nguo. Mchana ukatokea ukuta mweusi kutoka kaskazini, mrefu kama mlima, unatembea. Ulipofika, mtu hakuuona mkono wake mwenyewe. Wamarekani siku hiyo wanaiita Jumapili Nyeusi hadi leo. Na haikuwa siku moja tu. Kwa miaka mingi akina mama wa nyanda zile walilowesha mashuka wakayatundika madirishani ili kuzuia vumbi, na sahani wakazifudikiza mezani mpaka chakula kiive. Watoto na wazee waliugua mapafu kwa kulivuta vumbi lile, na wengine wakafa. Ng'ombe waliopasuliwa walikutwa wamejaa udongo matumboni.

Hao, mwanangu, ni Wamarekani wa kawaida. Walio wengi walibaki palepale, wakapanda mbegu ikapeperushwa, wakapanda tena. Wengine, kwa mamia ya maelfu, walifunga magodoro juu ya magari chakavu wakaelekea California, magharibi. Nao hawakupokelewa kama ndugu waliofikwa na janga. Mwaka 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles alipeleka askari wake mpaka kwenye mipaka ya jimbo zima kuwarudisha watu wasio na fedha mfukoni. Raia wa nchi moja, bendera moja, wanarudishwa njiani kwa sababu ya umaskini wao. Na waliofanikiwa kupita walitungiwa jina la dharau, jina la jimbo walilotoka likageuzwa kuwa tusi.

Sasa nifike kwenye njegere. Watu wa Lukozi na Malindi nisikilizeni hapa, maana njegere ninyi ndio wenyewe. Mnajua njegere inavyoipenda baridi, na mnajua baridi ikizidi kipimo inavyoiunguza maua yote usiku mmoja. Machi 1936, mahali panapoitwa Nipomo huko California, baridi iliunguza mashamba ya njegere. Vibarua walikuwa wamekwishafika, na familia zao, wamepiga mahema pembeni mwa mashamba, na cha kuchuma hakuna. Miongoni mwao alikuwepo mama wa miaka 32, ana watoto saba. Mpigapicha mmoja, Dorothea Lange, aliyekuwa ameajiriwa na serikali kuzipiga picha za hali ya wakulima, akapita njia hiyo, akasimama, akapiga picha chache, akaenda zake.

Moja ya picha zile huenda mmeiona bila kujua ni nani. Mama ameshika kidevu, macho yanatazama mbali, watoto wawili wamemwegemea mabegani na nyuso zao wamezificha, mtoto mchanga yuko mapajani. Uso una mikunjo ya mtu wa miaka sitini. Picha ikatoka gazetini San Francisco, nchi ikashtuka, serikali ikapeleka kambini ratili 20,000 za chakula. Chakula kilipofika mama yule alikuwa ameshaondoka na wanawe, amekwenda kutafuta kibarua kwingine. Picha ikaendelea na safari yake, ikaingia kwenye vitabu na majumba ya makumbusho, mwaka 1998 ikatiwa hata kwenye stempu ya posta. Wanafunzi wakafundishwa kuitazama na kusema: huu hapa uvumilivu wa Mmarekani.

Jina lake hakuna aliyelijua kwa miaka zaidi ya arobaini. Lange hakumwuliza. Lilijulikana mwaka 1978, pale mama mwenyewe alipojitokeza kulalamika: Florence Owens Thompson, mzaliwa wa Oklahoma, Mcherokee, yaani wa wenyeji wa asili wa bara lile. Hata ile hadithi iliyofungamanishwa na picha, kwamba alikuwa mkimbizi wa vumbi, haikuwa yake, kwani alikuwa California miaka kadhaa kabla ya vumbi kuanza. Katika maisha yake alichuma pamba, alipika, alifanya kazi hospitalini, akawalea watoto wake wakawa watu. Na kwa ile picha iliyozunguka dunia, alisema, hakupata hata senti. Aliona uchungu. Mimi nikiisoma habari yake naona uchungu wake una haki kabisa. Dunia nzima ilimsifu kwa kuvumilia, na hakuna aliyetaka kujua anaitwa nani.

Shikeni hapo, tutaparudia.

Vumbi la Oklahoma, wasikilizaji, lilifika Usambara. Halikufika kwa upepo. Lilifika kwenye mafaili.

Ilikuwa hivi. Mtaalamu mmoja wa udongo, Hugh Bennett, alikuwa amepigia kelele mmomonyoko kwa miaka mingi na hakusikilizwa. Masika ya 1935, akiwa Washington mbele ya kamati ya Seneti, vumbi kutoka nyandani likaufikia mji ule mkuu wenyewe, zaidi ya kilometa elfu mbili kutoka lilikoanzia. Wabunge wakaliona dirishani. Aprili ya mwaka huohuo ikapitishwa sheria, ikaundwa idara ya kuhifadhi udongo. Mabwana shamba wakatumwa kuwafundisha wakulima kulima kwa kukata mteremko, kutengeneza matuta, kupanda miti na majani. Na nataka mlisikie jambo hili vizuri: mkulima aliyekubali kubadili kilimo chake alilipwa. Serikali ilijua kwamba mtu mwenye njaa hawezi kuacha kibarua cha leo ili achimbe tuta litakalomfaa mwakani, basi ikalipia siku zake. Sisemi kwamba haki ilitendeka kote. Kusini mwa nchi ile, kwenye mpango mwingine wa miaka hiyohiyo wa kupunguza pamba, fedha zilimfikia mwenye ardhi, na wapangaji wengi waliolima kwa kugawana mazao, Weusi kwa Weupe, wakatolewa mashambani. Lakini pale nyandani, tuta lilikuwa na malipo.

Waingereza waliokuwa wakitutawala walizisoma habari hizo wakaingiwa na hofu. Wakaitazama miteremko ya Kenya na Tanganyika wakaona Oklahoma inakuja. Wakaitazama Mlalo.

Mlalo mnaijua. Lile bonde pana, nyumba zimepanda juu ya kilima kama zinazokimbia maji, misheni ya Walutheri iliyoanzishwa mwaka 1891, na mashamba yamening'inia pande zote. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ikaifanya Mlalo kuwa mahali pa majaribio ya kuponya udongo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 amri zilikuwa zimesambaa Usambara yote ya magharibi. Kila kaya ichimbe matuta, kipimo maalumu kila mwaka. Mteremko mkali usilimwe. Ng'ombe wasiingizwe kwenye mabua baada ya mavuno. Asiyetii apelekwe barazani, atozwe faini.

Nani alichimba? Wanaume wengi walikuwa chini, Korogwe na Tanga, wanakata mkonge ili wapate shilingi za kodi. Waliobaki na jembe ni wanawake.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mmoja wao. Alinisimulia nikiwa binti, tumekaa jikoni tunamenya maharage, na alinisimulia bila kuinua sauti, kama anayeeleza njia ya kwenda mtoni. Alisema matuta yale hayakuja mahali pa kazi nyingine, yalikuja juu yake. Maji yalibaki kuchotwa, kuni zilibaki kukatwa, palizi ilibaki palizi, mtoto alibaki na homa yake. Alisema msimu ulipofika alichagua: apande maharage kwa wakati na bwana shamba amkute hana matuta, au achimbe matuta na maharage yachelewe. Mwaka mmoja alichimba. Mwaka huo walikula mihogo mitupu mpaka Agosti.

Kuna kitu kingine alichonieleza ambacho sikukielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Shamba la Msambaa wa zamani lilikuwa msitu mdogo. Migomba juu, chini yake mahindi na magimbi, chini zaidi maharage na maboga yanatambaa na kuufunika udongo. Tone la mvua lilikutana na jani la mgomba, likateremka kwa jani la hindi, likafika chini limeshachoka. Tena familia haikutegemea shamba moja. Ilikuwa na kipande mlimani na kipande kule nyikani, mvua ikikosa huku huenda isikose kule. Hiyo ni elimu. Ilijengwa kwa vizazi na watu waliowahi kuona njaa. Lakini mtaalamu aliyefundishwa kwenye mashamba ya mstari mmoja mmoja akitazama shamba la namna hiyo aliona fujo, na juu ya fujo hiyo akataka mistari.

Na ilikuwepo hofu. Watu wa leo husema, ah, wazee walikuwa hawana elimu ndiyo maana waliogopa kuporwa ardhi. Hebu tukumbuke walichokuwa wamekiona. Mji huu wa Lushoto Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Walowezi walikata mashamba, misitu ikawekwa mipaka, na mwaka 1907 ikaja kadi ya kipande: kila mwanaume Msambaa amfanyie kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, la sivyo apelekwe kwenye kazi za serikali. Mtu aliyelelewa na baba mwenye kipande mfukoni, ukimwambia leo aitengeneze ardhi yake iwe nzuri kwa gharama ya mgongo wake, atakuuliza, inatengenezwa kwa ajili ya nani? Na maskini asiye na shamba, anayeazima kipande kwa jirani, angechimbaje matuta ya kudumu kwenye ardhi isiyo yake? Nani tena angemwazima ardhi iliyokwisha kuchimbwa? Maswali hayo yalikuwa ya busara. Hayakujibiwa.

Wasambaa tuna usemi wetu kuhusu nchi. Kuna kuzifya shi, kuitengeneza nchi, kuiponya, mvua inyeshe kwa wakati na watu washibe. Na kuna kubana shi, kuiharibu nchi. Zamani za Wakilindi, ukoo uliotutawala, mtawala alipimwa kwa hayo. Alipokuwa na nguvu zisizopingwa na akatawala vizuri, nchi ilipona. Nguvu zilipogongana na nguvu, njaa iliingia. Basi wakulima walipozikataa amri za matuta walikuwa wanatoa hukumu kwa kipimo hicho cha wazee: hawa wanasema wanaiponya nchi, na sisi tunaona inaharibika.

Wakakataa. Walikataa kwa kuchelewa, wakakataa kwa kuchimba nusu, wakakataa kwa kwenda kwa makundi Vugha, kwenye kiti cha mtawala, kusema hadharani. Wanawake walikuwa mstari wa mbele, maana matumbo ya watoto yalikuwa mikononi mwao. Walishtakiwa, wakatozwa faini, wakarudi tena. Nao hawakuwa peke yao katika Afrika Mashariki. Murang'a, Kenya, mwaka 1947 wanawake walitupa majembe wakagoma kuchimba matuta. Uluguru, mwaka 1955, watu waliandamana kwa sababu ngazi walizolazimishwa kuchimba zilifukua udongo mbovu wa chini na kuufukia ule wenye rutuba, askari wakafyatua risasi, mtu akauawa. Chama cha TANU, kilichozaliwa Julai 1954, kilikuta milimani huku watu ambao tayari wanajua kukataa. Kabla uhuru haujafika, amri za matuta Usambara zilikuwa zimekwisha.

Nashukuru kwamba kuna mtu alikuja kuuliza. Mwanahistoria Steven Feierman, Mmarekani, alikuja milimani kwetu miaka ya 1960, akajifunza Kisambaa, akakaa na wakulima, akaandika walichosema na walichofikiri. Kitabu chake cha mwaka 1990 kinawaita wakulima hao wanafikra, wasomi wa jembe. Hakuja kupiga picha ya uso uliokunjamana. Aliuliza, na akangoja jibu.

Sasa, kijana wangu, unaweza kusema, kumbe wazee walikuwa wavivu wa matuta tu. Panda gari siku moja ukatazame miteremko, ukirudi ndipo tuongee. Makinga maji yamejaa. Yamepandwa majani ya gwatemala na ya tembo, miti ya grevilea imesimama mipakani. Mengi ya hayo yalichimbwa tangu miaka ya 1980, wakati wa mradi wa SECAP, ambao serikali yetu iliuendesha kwa msaada wa Wajerumani. Nyingi ni familia zilezile, vilima vilevile. Kwa nini babu akatae na mjukuu akubali?

Miaka hiyo bibi yangu alikuwa hai bado. Alikuwa mzee, mgongo umepinda, na nilimkuta akipandikiza gwatemala kwenye ukingo wa tuta jipya. Nikamwuliza, "Bibi, si ninyi mliokataa matuta?" Akanyoosha mgongo kidogo kidogo, akasema: "Lile lilikuwa la bwana shamba. Hili nalikatia ng'ombe majani." Zizini alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, anakula ndani, haendi malishoni. Jani linashika udongo na jani linashuka zizini, samadi inarudi shambani, maziwa yanakwenda kwa jirani na shilingi inabaki mkononi mwa bibi. Faida aliiona mwaka uleule. Wala hakuwepo mtu aliyesimama ukingoni na daftari la faini.

Tangu siku ile nimelitilia shaka neno hili "uvumilivu" ninapolisikia kutoka mdomoni mwa mtu asiyevumilia chochote. Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa hadhara, sitasema wapi, mgeni akasimama jukwaani akawapongeza wananchi kwa uvumilivu wao wa muda mrefu. Walikuwa wanamwomba kivuko, maana mvua zilikuwa zimechukua daraja na wagonjwa wanabebwa kwa machela mpaka ng'ambo. Watu wakampigia makofi. Mimi sikupiga. Nilimtazama mama mmoja aliyekaa chini mbele yangu, anafunga na kufungua fundo la khanga yake, na nikajua kwamba anafanya hesabu ya mimba aliyonayo na mwezi wa masika.

Wavumilivu ni kweli tumo. Bonde la mboga linalolisha Dar es Salaam linalimwa kwa uvumilivu huo. Kabichi inayouzwa Kariakoo imepandwa na mtu aliyeamka kabla ya jogoo kufungulia mfereji, akakopa mbolea, akaomba baridi isije na jua lisizidi, akabeba kwa kichwa kutoka kwenye mteremko ambao hata pikipiki haifiki. Barabarani anamkuta dalali. Dalali ana bei, Fuso linanguruma, na kabichi haiwezi kungoja hadi kesho. Gunia linashindiliwa, linashonewa nyavu juu mpaka linakuwa gunia na nusu, lumbesa hiyo, na linalipwa kwa bei ya gunia moja. Mvua ikiukata mlima na barabara ikazibwa na udongo, hasara yote inashuka mpaka kwa aliyelima. Mama yule wa Soni, aliyepita na tenga, nyanya zake ni za nani zikioza?

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe, mwanangu. Hatukuumbwa kuvumilia. Mtu wa Oklahoma hakuumbwa kula vumbi, naye Florence hakuumbwa kukaa hemani na watoto wenye njaa. Bei ya ngano iliamuliwa na watu, kama inavyoamuliwa bei ya kabichi. Aliyeng'oa majani ya nyandani alihimizwa na watu, na aliyeamua kwamba mkulima wa Kansas alipwe kwa tuta na mkulima wa Mlalo atozwe faini kwa tuta alikuwa mtu, mwenye meza na kalamu. Ukisema tumeumbwa hivyo, yule mwenye kalamu anapumua.

Na wanawake wale wa miaka ya 1950 walivumilia kuliko sisi sote. Walivumilia jua na jembe na faini, na katikati ya kuvumilia huko wakafikiri, wakahesabu, wakasema hapana pale ilipostahili. Miaka thelathini baadaye wengine wao wakasema ndiyo, kwa sababu zao wenyewe.

Nimetafuta majina yao. Katika yale niliyoweza kuyasoma, yametajwa majina ya maofisa, ya watawala, ya wanaume waliosimama kwenye baraza. Wanawake wanatajwa kwa wingi wao: wanawake walikuja, wanawake walipiga kelele, wanawake walitawanyika. Kama Florence kwa miaka ile arobaini, wana uso na hawana jina. Tofauti ni kwamba Florence aliishi hadi akalisema lake mwenyewe. Wetu wengi wameshalala chini ya migomba, na wachache waliobaki wana miaka tisini na ushee, wamekaa kwenye vibaraza vya Mtae, vya Mlola, vya Bumbuli, vya Rangwi, wanaota jua la saa nne.

Kwa hiyo nina ombi, na kijana wa bodaboda nakutuma wewe wa kwanza kwa kuwa una chombo. Nendeni mkaketi nao. Mwulizeni bibi, au kama hayupo mwulizeni mama au shangazi aliyemsikia: alichimba wapi, mwaka gani, alipigwa faini ngapi, alikwenda Vugha au alibaki na watoto wa waliokwenda. Andikeni jina lake lote, na la baba yake, na la kijiji. Msilete sifa. Leteni jina na shamba. Mnaweza kutuma ujumbe, mnaweza kuandika karatasi mkampa kondakta wa gari la Lushoto, itafika.

Juma lijalo, saa hii hii, muziki hautakuwepo mwanzoni mwa kipindi. Nitakaa hapa na kuyasoma majina hayo, moja baada ya jingine, mpaka dakika zitakapokwisha, na yakibaki tutaendelea juma linalofuata. Nitaanza na la bibi yangu.